Aliyetumwa: Wakimbiaji wa Mbulu na Hanang na Swali la Kazi

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Mlima Hanang, vijana hupita mbele ya nyumba ya mchungaji hapa Jorodom wakikimbia. Wengine wana viatu vya mbio vya mtumba, wengine wamevaa raba za shule. Huteremka kuelekea Katesh, wakifika kwenye lami hukaza mwendo, kisha hurudi kupanda kilima huku jasho likiwatoka na moshi wa chai ukiwa tayari juu ya mapaa. Ukiwauliza wanakimbilia nini, watakujibu bila kuficha: wanataka kwenda kushindana nje ya nchi, wapate fedha, wanunue shamba, wamjengee mama nyumba ya bati. Sijawahi kuona ubaya katika jibu hilo. Mama anastahili nyumba ya bati.

Mwaka 2023, kabla mvua hazijaanza, alinijia mzee mmoja wa usharika wetu. Tulisalimiana, nikampa kiti, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mchungaji, nimemaliza."

Nilifikiri anaumwa. "Umemaliza nini, mzee?"

"Kutafuta."

Akanieleza. Watoto wamesoma na wana kazi zao. Shamba analikodisha. Nyumba za kupangisha ziko mjini, kodi inaingia kila mwezi. Ng'ombe wapo, mchungaji wa kuwachunga yupo. Deni hana hata la shilingi moja. Kila tulilowafundisha washarika katika semina zetu, kuweka akiba, kupanga matumizi, kutokutegemea kuomba, yeye alilitenda, na kwa uaminifu. "Sasa," akasema, "kila asubuhi naamka, na sijui naamkia nini."

Nilifungua Biblia katika Luka 12, mfano wa tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi. Alisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akaondoka. Alipofika kwenye geti nilikwisha kujua kwamba nimempa mgonjwa wa meno dawa ya macho. Yule tajiri wa mfano alizungumza na nafsi yake peke yake, akairuhusu ipumzike na kula na kunywa. Mzee wangu alikuja kuzungumza na mtu mwingine, na kupumzika ndiko kulikomtesa. Hakuwa mchoyo. Zaka yake naifahamu mimi na mhasibu wa usharika.

Tangu siku ile nimekuwa nikilichimba swali lake, na kwa njia ambayo sikuitarajia limenipeleka kwa wakimbiaji wa nchi yetu hii ya Mbulu na Hanang, hasa mmoja ambaye wahubiri tumemtumia sana kwenye mimbari, na nafikiri tumemtumia vibaya.

Lakini kwanza neno moja kuhusu kujitegemea, maana neno hili limebadilika mikononi mwetu bila sisi kuona. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, kujitegemea kulikuwa jambo la taifa zima. Azimio lilikataa kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Lilitaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na likaitaja kazi, jasho la watu, kuwa ndiyo itakayoleta fedha baadaye. Mtu alijitegemea ili kijiji kijitegemee. Leo tunaposema fulani anajitegemea, tuna maana kwamba hamhitaji mtu. Ni neno lilelile, lakini limegeuka kutazama upande mwingine. Sisemi siasa ya zamani ilikuwa bora katika kila kitu. Wazee wa Hanang waliohamishwa na kuambiwa wajenge upya wana mengi ya kusema, na yapo mashamba ya ngano ya Basotu ambayo yalianzishwa ili taifa lijitegemee kwa mkate, huku Wabarbaig wakipoteza malisho yao na makaburi ya wazee wao yakipitiwa na plau. Nasema tu kwamba swali la "kujitegemea kwa ajili ya nani" liliwahi kuulizwa, na sasa halisikiki.

Katika hewa ile ya 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu alipanda ndege kwenda Mexico.

Alizaliwa mwaka 1938. Alipokwenda Mexico alikuwa na miaka 30, si kijana mdogo kwa mkimbiaji. Tanzania ilikuwa nchi changa. Ilikuwa ikishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya pili tu, baada ya Tokyo 1964. Katika siku zile mwanariadha wa Olimpiki hakuruhusiwa kulipwa. Sheria ilikuwa kali: ukipokea fedha kwa kukimbia, umejiondoa mwenyewe. Basi tuliweke wazi jambo hili tangu mwanzo. Mtu aliyetoka Mbulu kwenda kukimbia kilomita 42 upande mwingine wa dunia hakuwa akitafuta shamba wala nyumba ya bati. Hata kama angeshinda, zawadi ilikuwa medali.

Mbio zilifanyika tarehe 20 Oktoba 1968. Jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mara nyingi husimuliwa kwamba Akhwari alitaabika kwa kuwa hakuzoea nchi ya juu. Aliyelisema hilo kwa mara ya kwanza bila shaka hajapata kulala Mbulu mwezi wa Julai bila blanketi. Lakini ni kweli kwamba Mexico iko juu zaidi, na misuli ilimkaza mapema. Kisha, karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakiwa wamesongamana kugombea nafasi, aliangushwa. Goti lilitenguka na kuchanika, na bega likagonga barabara. Akafungwa bandeji.

Hapo wengi wangeacha, na wasingekuwa na kosa. Siku ileile Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa Roma 1960 na Tokyo 1964, pengine mkimbiaji mkuu kuliko wote waliokuwapo, alikuwa amekwisha kutoka mbioni karibu na kilomita ya 17 kwa maumivu ya mguu. Bikila hakuwa mwoga. Mguu ulikataa, akasimama. Walioanza walikuwa zaidi ya 70, na waliomaliza walikuwa 57. Mwenzake Bikila, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikatolewa, watu wakaanza kwenda nyumbani, na giza likaanza kushuka.

Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Akhwari akaingia uwanjani. Alikuwa akichechemea, akikimbia hatua chache, akitembea, akijaribu tena kukimbia, bandeji ikining'inia mguuni. Waliobaki uwanjani, watu elfu chache hivi, walisimama wakampigia makofi mpaka akavuka mstari. Muda wake ulikuwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu kiasi kile aanze mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo, kwa msaada mkubwa wa filamu za Mmarekani Bud Greenspan, limezunguka dunia nzima. Idadi ya maili hubadilika kulingana na anayesimulia. Wengi husema elfu tano, ingawa ukichukua ramani utaona Mexico ni mbali zaidi ya hapo. Mhubiri asiye na wazo Jumamosi usiku humkumbuka Akhwari, na mimi ni mmoja wao. Tunafika kwenye neno "kumaliza", tunafungua 2 Timotheo 4:7 pale Mtume Paulo anaposema juu ya mwendo wake, na mahubiri yamekwisha: vumilia, usikate tamaa, maliza.

Nilivyomkosea mzee wangu ndivyo nilivyokuwa nikimkosea Akhwari. Kumwambia mtu aliyekwisha kumaliza kwamba avumilie mpaka amalize ni kumwongezea mzigo. Na zaidi ya hapo, nafikiri tumeshika neno lisilo kiini cha jibu lile. Kiini ni "kutuma". Goti lake lilimwambia acha. Muda wake ulimwambia huna nafasi. Faida haikuwapo. Katika hesabu yoyote ambayo mtu huifanya na nafsi yake peke yake, kuendelea kulikuwa upuuzi. Lakini yeye hakuwa akizungumza na nafsi yake peke yake. Kulikuwa na wa tatu katika mazungumzo yale: aliyemtuma.

Kuna ushahidi mwingine ambao wahubiri hatuutaji kwa sababu hauna machozi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, Akhwari alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh na akawa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hesabu tofauti: zaidi ya saa moja na dakika kumi chini ya muda wa Mexico. Kwa hiyo yule mtu wa bandeji hakuwa mkimbiaji dhaifu mwenye moyo mkubwa. Alikuwa fundi wa kazi yake, mmoja wa walio bora duniani, aliyepatwa na siku mbaya. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu tunapenda kusifu moyo na kudharau ustadi, hasa kanisani. Aliyetumwa hujifunza kazi yake vizuri.

Kisha akarudi Mbulu kulima. Serikali ilimpa nishani mwaka 1983, alialikwa Sydney mwaka 2000, na mwenge wa Olimpiki wa Beijing ulipopita Dar es Salaam mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioukimbiza. Ni mambo machache yaliyotawanyika katika miaka 40. Siku nyingine zote zilikuwa za jembe na mifugo, katika wilaya aliyozaliwa. Wageni walioandika habari zake mara nyingi waliliona hilo kuwa jambo la kusikitisha: shujaa wa dunia anashika jembe! Kwamba mashujaa wetu wangeweza kutunzwa vizuri zaidi, nakubali. Lakini ile mshangao ya "anashika jembe" inatufunua sisi. Inaonyesha tunavyoamini kimyakimya kwamba kazi ni ngazi ya kutokea shambani, na mwenye kurudi shambani ameanguka kutoka kwenye ngazi.

Hapa niseme kidogo kama Mlutheri. Zamani za Martin Luther neno "wito" lilikuwa mali ya watawa na makasisi. Mwenye wito aliingia nyumba ya watawa; mshona viatu alikuwa na kazi tu. Luther alilibomoa boma hilo. Katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, cha mwaka 1520, alifundisha kwamba Mkristo, kwa kuwa amekwisha kupewa yote bure katika Kristo, hana tena haja ya kufanya kazi ili ajipatie kibali, na kwa sababu hiyohiyo yuko huru kumtumikia jirani. Miaka miwili baadaye, akiandika juu ya ndoa, alimtaja baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka, na akasema Mungu na malaika wanamfurahia. Mungu hazihitaji kazi zetu. Anayezihitaji ni jirani.

Sasa soma tena habari ya mzee wangu kwa macho hayo. Alikuwa amepewa yote. Shida yake haikuwa dhambi ya kuwa navyo; alikuwa amefika mahali ambapo Luther angesema: vizuri, sasa kazi inaweza kuanza. Na si Luther tu. Turudi Mwanzo 2:15. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla ya anguko, kabla ya jasho na miiba. Miti yenye matunda ilikwisha kuota. Hakudaiwa kodi wala ada ya shule. Tungeweza kusema Adamu alikuwa amejitosheleza tangu siku ya kwanza, na ndipo akapewa kazi. Nimeifundisha sura hiyo katika darasa la kipaimara kwa miaka mingi, nami mwenyewe sikuwa nimeliona hilo.

Lakini kuna shida, na siwezi kuiruka. Ukisema maana ya kazi hutoka kwa anayetuma, itakuwaje anayetuma akikurudisha nyumbani?

Jambo hili lilimpata Filbert Bayi. Alizaliwa mwaka 1953 Karatu, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, alifanya jambo ambalo makocha walikuwa wakiwakataza wakimbiaji wao. Aliongoza tangu mlio wa bastola. Desturi ilikuwa kukaa nyuma, kujificha upepo, na kuchomoka mwishoni. Bayi aliondoka mbele, akakaa mbele, akiwaacha wamfuate kama wanaweza. John Walker, kijana wa palepale New Zealand, alimkaribia katika mita za mwisho lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker, wa pili, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, Bayi akavunja pia rekodi ya maili moja. Dunia nzima ikaanza kuhesabu siku za kuwaona tena wawili hao katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976.

Hawakukutana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwezi Juni. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Montreal. Haikuzuiwa. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zaidi ya 20 zilizosusia. Bayi alikuwa na miaka 23, umri ambao mkimbiaji wa mita 1500 huwa katika ubora wake. Walker alichukua dhahabu, kwa muda ambao Bayi alikuwa ameushinda kwa sekunde kadhaa kule Christchurch. Na ajabu ya mambo, Walker alikuwa mwana wa nchi ileile iliyosababisha mgomo.

Nimelitafakari hili sana. Kwa mtu anayepima kazi kwa kile inachomletea, Montreal ni hasara tupu, na haina fidia. Kwa mtu anayesema "nilitumwa", ni ngumu zaidi, maana aliyemtuma ndiye aliyemfungia mlango. Lakini ukiuliza swali la jirani, mambo yanakaa tofauti. Kulikuwa na jirani, naye alikuwa mtoto wa Soweto. Kazi iliyoachwa kufanywa ilikuwa kwa ajili yake. Sitaki kulipamba jambo hili. Mimi sikunyang'anywa mbio zangu, na ni rahisi kusifu sadaka iliyotolewa na mwingine. Ila linanionyesha kwamba serikali, au kanisa, au mwajiri, akitutuma, yeye ni mkono tu. Wito wenyewe una mwenyewe, naye humwita mtu kupitia uhitaji wa mtu mwingine, wakati mwingine kwa kumtoa kazini.

Bayi alirudi mbioni. Mwaka 1980 Moscow akapata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hazikuwa zake za kwanza. Suleiman Nyambui akapata nyingine ya mita 5000, na mpaka leo ninapoandika Tanzania haina medali ya Olimpiki nyingine zaidi ya hizo mbili. Baadaye, alipokuwa na kila sababu ya kukaa barazani na kuhadithia Christchurch, Bayi na mkewe Anna walianzisha shule. Wapo sasa watu wazima waliojifunza kusoma katika shule za Filbert Bayi, kule Kimara na Kibaha, ambao hawajui rekodi yake ilikuwa ya mbio gani.

Wa tatu ni wa hapa kwetu. Gidamis Shahanga, Mbarbaig wa Hanang, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978 akiwa hajatimiza miaka 21, na watangazaji walihangaika jinsi ya kulitamka jina lake. Mwaka 1982 huko Brisbane akachukua dhahabu ya mita 10,000. Mwaka huohuo shirikisho la riadha la dunia lilianza kulegeza sheria na kuruhusu fedha za wanariadha ziwekwe katika mfuko maalumu, na miaka michache baadaye zawadi zikawa wazi. Shahanga alisimama katika kizingiti cha nyakati mbili. Alishinda Rotterdam mwaka 1984 na Vienna mwaka 1990. Vijana wanaopita mbele ya nyumba yangu alfajiri ni wajukuu wa kizingiti kile. Siwatamani warudi kwenye zama za kukimbia bila malipo. Malipo ni haki, na Maandiko yanasema hivyo juu ya kila mtenda kazi, mchungaji akiwemo (wazee wa mabaraza ya sharika wanisikie). Swali langu kwao ni moja tu, nami huwauliza wakiwa wamesimama kunywa maji: ukishapata shamba na nyumba ya mama, utakimbia tena? Wengi hucheka. Mmoja aliwahi kunijibu, "Mchungaji, nikishapata nitalala."

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, mlima ulipoporomoka. Wasomaji wa mbali waliona picha: tope, magogo na mawe makubwa kama nyumba katikati ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 waliopoteza maisha. Sisi wa huku hatukuhitaji picha. Sitasimulia mengi, kwa kuwa wapo washarika watakaosoma kitabu hiki ambao bado wanasikia ule mngurumo. Nitataja jambo moja tu linalohusu kazi. Siku zile hakuna aliyeuliza analipwa na nani. Maduka yaliyokuwa na thamani ya miaka 20 ya kuamka mapema yalikuwa chini ya tope, na mwenye duka alikuwa akichimba kumtafuta mtoto wa mpangaji wake. Askari, vijana wa mbio, akina mama wa kwaya na sufuria zao, waislamu na wakristo na wasio na dini. Katekisimo Ndogo, inapoeleza mkate wetu wa kila siku, haitaji chakula na mavazi tu. Katika orodha ile Luther ameweka pia jirani mwema. Nilikuwa nimeikariri tangu nikiwa na miaka 14.

Mzee wangu alileta trekta lake. Majuma mawili alikuwa pale kuanzia alfajiri, na tope lilimfika mapajani, na sikuwahi kumwona akiwa na uso ule kabla. Nikasema moyoni, amepona.

Baada ya sikukuu akarudi kukaa kwenye kile kiti. "Mchungaji, kazi ya tope imekwisha. Naamka tena sijui naamkia nini." Haya ndiyo maisha; mafuriko hayawezi kuwa dawa ya mtu. Safari hii sikufungua Luka 12. Nilimsimulia habari ya Akhwari, kama nilivyoieleza hapa, na kutumwa, na Adamu bustanini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Akhwari aliujua mstari wa mwisho uko wapi. Mimi wangu uko wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na ninamshukuru Mungu kwamba sikulibuni. Tulikaa. Mke wangu alileta chai. Nilikuwa nimeanza kumwambia kwamba huenda kwa jirani hakuna mstari, kuna mlango tu, ndipo mtoto wa nyumba ya tatu akaja mbio. Shikamoo, shikamoo. Gari la maharage la baba yake limekwama kwenye tope kule bondeni, mvua inakuja, na baba ametuma aulize kama mzee yupo.

Mzee aliweka kikombe chini, akaanza kupapasa mifuko ya koti akitafuta ufunguo wa trekta.